Kichwa Kinachouma Siku za Pampu: Moshi wa Injini Unavyomla Mkulima Taratibu

 

Wiki hii nilipanga kuandika kuhusu utitiri kwenye nyanya, maana meseji zimekuwa nyingi. Naomba mnivumilie, utitiri utakuja wiki ijayo. Leo nataka tuongee kuhusu kitu ambacho wengi wetu tunakaa nacho kila siku bila kukihesabu kama gharama, nacho ni moshi wa injini. Pampu, pawatila, jenereta ya banda la vifaranga, mashine ya kupukuchua mahindi, mashine ya kukoboa mpunga. Mafuta tunayahesabu, oili tunaihesabu, fundi tunamhesabu. Kifua cha yule anayekaa na mashine hakimo kwenye daftari.

Naandika nikiwa na deni moyoni, kwa sababu kisa ninachoanza nacho kilitokana na ushauri wangu mwenyewe.

Banda nililolishauri mimi

Kwenye kata ninayohudumia kuna kikundi cha vijana saba. Wanalima vitunguu na nyanya kando ya mto, kilimo cha kumwagilia, na wako makini kweli na biashara. Walikuwa na pampu ya petroli ya inchi tatu. Ikaibiwa. Wakachangishana wakanunua nyingine, na ile ya pili ikanusurika kuibiwa usiku, mlinzi akapigwa.

Wakaniita. Nikawaambia, "Jengeni banda la matofali, dogo tu, mlango wa chuma, kufuli mbili. Dirisha wekeni dogo juu ili mtu asipenye." Nikachora mwenyewe kwenye daftari. Wakajenga ndani ya wiki mbili. Nikapiga picha, nikaionyesha hata kwa vikundi vingine kama mfano. Wizi ukaisha.

Kijana aliyekabidhiwa pampu alikuwa na miaka ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kuiwasha, kuongeza mafuta na kuilinda. Kwa kuwa juani hakukaliki, alikuwa anakaa palepale mlangoni kwenye kivuli cha banda. Mlango huo ndio uliokuwa njia pekee ya moshi kutoka. Masaa matano hadi sita kwa siku, siku tano au sita za wiki wakati wa kiangazi.

Baada ya kama mwezi na nusu akaanza kuumwa kichwa. Alienda duka la dawa, akapewa dawa ya malaria. Kikarudi. Akaenda zahanati, akaambiwa ni UTI, akanywa dozi. Kikarudi. Akatibiwa na taifodi pia. Katikati ya hayo akaanza kusahausahau: mara hakumbuki ameweka lita ngapi, mara amesinzia mafuta yakaisha na mfereji ukakauka. Mweka hazina wa kikundi akasema kijana anakunywa. Kikao kikakaa kumtoa.

Na mimi nilikuwepo kwenye kile kikao. Nilimvuta pembeni nikamwambia, "Mdogo wangu, punguza pombe, utapoteza hisa zako." Akaniangalia tu. "Bwana shamba, mimi sinywi." Sikumwamini.

Aliyeufumbua mtego ni mke wake. Siku moja nimepita shambani namkuta amekaa pale mlangoni anasubiri vyombo alivyoletea chakula, mjamzito wa miezi sita hivi. Tukaongea. Akasema, "Mimi sielewi hii malaria. Jumapili haimuumi. Jumatatu akirudi hapa, jioni kichwa. Na mimi siku hizi nikikaa hapa muda mrefu kinaniuma."

Jumapili haimuumi. Malaria haina siku ya mapumziko. Nilikaa pale mlangoni kama nusu saa pampu ikiwa inanguruma. Macho yakawasha, koo likakauka, kipaji cha uso kikaanza kubana. Nikaangalia lile dirisha dogo nililolichora mimi. Nikazima pampu.

Ndani ya huo moshi kuna nini

Tukisema moshi tunafikiria kile cheusi kinachoonekana. Kumbe kilicho hatari zaidi kwa haraka hakionekani.

Cha kwanza ni gesi ya kaboni monoksaidi. Msiichanganye na ile hewa ya ukaa tunayoitoa tukipumua. Kaboni monoksaidi inatokea mafuta yanapoungua bila hewa ya kutosha, na injini ya petroli inaitoa kwa wingi kuliko ya dizeli. Haina rangi, haina harufu. Kwenye damu yetu kuna kitu kinachobeba oksijeni, kinaitwa hemoglobini. Kaboni monoksaidi inakishika hicho kitu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Yaani ni kama daladala: viti vyote vimekaliwa na abiria asiyeshuka, na oksijeni imebaki kituoni. Unapumua vizuri kabisa lakini ubongo na moyo vinakosa hewa. Ndiyo maana mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, kichefuchefu, anachoka, anachanganyikiwa, hadi anaonekana kama amelewa. Ikizidi anaanguka, na anaweza kufa bila hata kujua kinachomuua.

Ukitoka kwenye hewa safi, gesi hiyo inatoka polepole. Kwa takribani saa nne hadi tano inakuwa imepungua nusu. Kwa hiyo anayefanya kazi Jumamosi, Jumapili mchana yuko mzima. Ndiyo siri ya ile Jumapili.

Cha pili ni masizi, zile chembechembe ndogo, na hapa dizeli ndiyo bingwa. Zinazoumiza zaidi ni zile zenye upana chini ya maikromita 2.5. Unywele wa binadamu una upana wa kama maikromita 70, kwa hiyo unaweza kupanga chembe karibu thelathini kwenye upana wa unywele mmoja. Pua haiwezi kuzizuia. Zinashuka hadi mwisho kabisa wa mapafu, na zile ndogo zaidi zinaingia kwenye damu. Na haziendi mikono mitupu, zimebeba kemikali za mafuta yasiyoungua vizuri, nyingine zinasababisha saratani.

Cha tatu ni gesi za naitrojeni, zile zinazowasha macho na koo. Hizi zinachubua njia za hewa. Mwenye pumu anazijua hata bila kuambiwa jina.

Madhara ya leo na madhara ya miaka kumi

Ya leo tumeyaona: kichwa, macho, kikohozi, kubanwa kifua, usingizi wa ajabu. Haya mengi yanaondoka ukipumzika. Tatizo ni hilo kwamba yanaondoka. Mtu anasema "nimezoea". Mwili haujazoea, umenyamaza tu.

Ya muda mrefu ni haya. Njia za hewa zinavimba kila siku hadi zinabaki nyembamba na zenye makohozi, unapata ugonjwa sugu wa mapafu ambao dawa zinautuliza lakini haziurudishi nyuma. Pumu inazidi. Mishipa ya damu inaathirika, na hatari ya shambulio la moyo na kiharusi inapanda. Kwa mama mjamzito, kaboni monoksaidi inapita hadi kwa mtoto tumboni na kumpunguzia oksijeni, na hewa chafu ya muda mrefu inahusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo.

Halafu kuna saratani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 1988 lilisema moshi wa dizeli huenda unasababisha saratani. Juni 2012 likaondoa "huenda". Likauweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, kundi moja na moshi wa sigara, kwa sababu ushahidi ulitosha kwamba unasababisha saratani ya mapafu. Moja ya tafiti zilizochangia ilifuatilia zaidi ya wachimbaji 12,000 kwenye migodi minane huko Marekani, migodi ya chumvi, chokaa na madini mengine ambako mashine za dizeli zilikuwa zinafanya kazi chini ya ardhi. Waliovuta moshi mwingi zaidi walikuwa na hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu kama mara tatu ya waliovuta kidogo zaidi, hata baada ya kuweka pembeni suala la sigara.

Utasema mimi si mchimbaji, mimi niko uwanjani na upepo. Sawa, uwanjani moshi unapungua sana, na hilo ndilo somo lenyewe: hatari inapimwa kwa vitu viwili, umevuta moshi mzito kiasi gani na kwa muda gani. Banda letu la matofali lilikuwa mgodi mdogo juu ya ardhi.

Baba mdogo na mashine ya kusaga

Kisa cha pili ni cha nyumbani. Baba yangu mdogo alisimamia mashine ya kusaga ya dizeli kijijini kwetu kwa zaidi ya miaka ishirini. Chumba kimoja, bomba la moshi limetokeza ukutani kwa kadiri ya mkono, upepo ukigeuka moshi wote unarudi ndani. Sisi watoto tulikuwa tunamcheka akitoka: juu mweupe kwa unga, puani mweusi kwa masizi.

Hakuwahi kuvuta sigara hata moja. Akiwa na miaka hamsini na kitu, akawa hawezi kupanda kile kilima cha kwenda kanisani bila kusimama mara tatu. Tukadhani ni TB, akapimwa, haikuwa TB. Hospitali ya rufaa wakasema njia zake za hewa zimeharibika kwa muda mrefu, wakamuuliza amefanya kazi gani maishani. Vumbi la unga lina mchango wake, siwezi kubebesha moshi lawama yote. Lakini daktari aliuliza kuhusu vyote viwili, na ndiyo mara ya kwanza familia yetu kusikia kwamba kazi ile ilikuwa na bei nyingine.

Siku hizi anaishi kwa dawa ya kuvuta. Mashine imeuzwa. Pesa ya mashine iliishia kwenye nauli za hospitali.

Ninyi mnaonisoma wengi mko chini ya miaka thelathini na tano. Chukueni kalamu. Masaa matano kwa siku, siku nne kwa wiki, wiki kumi na mbili za msimu: hayo ni masaa 240. Misimu miwili kwa mwaka, masaa 480. Miaka kumi, masaa 4,800 umekaa na injini. Baba mdogo alianza akiwa na umri wenu.

Kisima: hapa hakuna muda mrefu

Nikitaja pampu na moshi siwezi kuruka hili, hata kama linaua kwa dakika na si kwa miaka.

Pampu ya juu ya ardhi kwa kawaida haiwezi kuvuta maji yaliyo chini zaidi ya mita saba hivi. Kiangazi maji yakishuka, vijana wanachimba ngazi ndani ya kisima na kuiteremsha pampu ya petroli karibu na maji. USIFANYE HIVYO. Hata kama juu kuna upepo, chini kisima kinajaa kaboni monoksaidi kama ndoo. Anayeshuka kuongeza mafuta au kuzima anaanguka. Mwenzake anashuka kumwokoa, naye anaanguka. Hivi ndivyo kisima kimoja kinavyoondoka na watu wawili watatu wa familia moja. Hata pampu ikiwa imezimwa, gesi inabaki humo kwa muda mrefu.

Mtu akianguka kisimani, usishuke. Piga kelele za msaada, ita kikosi cha zimamoto na uokoaji kwa 114. Kama alikuwa amefungwa kamba, mvuteni kutoka juu. Maji yakiwa chini, tafuta pampu ya umeme au ya sola ya kuzamisha, au chimba kisima sehemu nyingine.

Jenereta na vifaranga

Wafugaji wa kuku, msijione mmepona. Umeme ukikatika usiku, mtu anaingiza jenereta kwenye koridoo ya banda la kulelea vifaranga "isilowe mvua". Asubuhi vifaranga vimelala kifudifudi, anasema ni ugonjwa.

Ndege wanawahi kuathirika kuliko sisi, maana wanapumua haraka na miili yao ni midogo. Miaka ya 1890 mwanasayansi John Scott Haldane alipendekeza wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza washuke na ndege wadogo kwenye vizimba: ndege akianguka, watu watoke. Ndege hao walitumika migodini hadi mwaka 1986. Kwa hiyo ukikuta vifaranga wamelala na jenereta inanguruma jirani, usiingie kuwahesabu. Zima jenereta, fungua milango, toka nje, subiri. Na kama kuna kijana analala humo kuwalinda, yeye ndiye wa kwanza kutolewa.

Soma rangi ya moshi

Injini mbovu inatoa sumu nyingi kuliko nzima, na inakula mafuta. Hapa afya na mfuko vinaenda pamoja.

*Moshi mweusi*: mafuta mengi, hewa kidogo. Angalia chujio la hewa kwanza, mara nyingi limeziba vumbi. Kwa dizeli angalia na nozo. Au umeibebesha injini kazi kuliko uwezo wake.

*Moshi wa bluu*: injini inachoma oili. Mara nyingi ringi za pistoni zimeisha, au umejaza oili kupita kipimo. Mashine za kuchanganya oili na petroli, kama mashine za kukatia majani na za kupuliza dawa za mgongoni, zinatoa huu moshi kwa asili yake, na bomba lake liko karibu na uso wako. Changanya kwa kipimo cha kitabu chake, usikadirie kwa jicho.

*Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto*: dizeli haiungui vizuri, au maji yanaingia ndani ya injini. Mwite fundi.

Na injini isiyotoa moshi unaoonekana isikudanganye. Kaboni monoksaidi haionekani hata kwenye injini mpya.

Tulichofanya, na wewe unachoweza kufanya

Kile kikundi tulikutana siku ya pili yake. Niliwaambia wazi kwamba mchoro ulikuwa wangu na kosa ni langu. Tukavunja kuta tatu. Tulichokifanya ndicho nawashauri:

1. Paa juu, pembeni wazi. Nguzo nne, bati, na pembeni wavu mzito wa chuma au nondo zilizochomelewa badala ya tofali. Mwizi hapiti, upepo unapita. Pampu imefungwa mnyororo kwenye zege. Kama ni ndogo, ibebeni jioni kwa toroli mrudi nayo nyumbani.

2. Elekeza bomba mbali na watu. Fundi aliongeza bomba la moshi likapanda juu ya paa. Angalizo: bomba la nyongeza liwe pana kuliko la asili na lisiwe na kona nyingi, vinginevyo moshi unarudi nyuma na kuinyima injini nguvu. Liwe mbali na nyasi na makuti, linapata moto sana.

3. Kivuli cha mlinzi kiwe mbali. Tulihamishia benchi chini ya mti, hatua kama ishirini, upande ambao upepo unatokea. Kwa jenereta karibu na nyumba au banda, usipungue mita sita, na bomba liangalie upande usio na mlango wala dirisha.

4. Zamu. Badala ya mtu mmoja msimu mzima, wanabadilishana kila siku. Hakuna tena "kijana wa pampu".

5. Zima unapoongeza mafuta, na zima usipotumia. Injini inayonguruma bila kazi inachoma hela na mapafu.

6. Wenye pawatila: geuzeni mdomo wa bomba uangalie juu au pembeni, usikuangalie wewe uliye nyuma. Ikiwezekana lima huku upepo unakupiga ubavuni, usilime mchana kutwa moshi ukikujia usoni.

7. Kwenye kupukuchua: lundo la mahindi na akina mama wenye watoto mgongoni wasiwe upande wa bomba. Masizi yanatua kwenye chakula pia.

8. Wajawazito, watoto na wenye pumu hawakai karibu na injini. Hili halina mjadala.

9. Kama umeajiri watu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakutaka uwalinde. Shamba nalo ni mahali pa kazi. OSHA si ya viwandani tu.

Kwa wenye uwezo, tazameni umeme na sola. Kijiji kikishafikiwa na umeme, mota inafanya kazi bila moshi shambani. Sola gharama yake ni ya mwanzoni, inauma kweli, lakini kwa matone na tangi la kuhifadhia maji inakaa vizuri. Kikundi kinaweza kununua kwa awamu. Nitaandika makala yake peke yake.

Yasiyosaidia

*Maziwa.* Najua, wote tumeambiwa: ukivuta moshi au vumbi kunywa maziwa usafishe kifua. Maziwa yanaenda tumboni. Mapafu yana njia yake. Kunywa maziwa kwa afya, usiyanywe kama kinga ya moshi.

*Kitambaa au barakoa.* Kitambaa hakizuii chembe ndogo. Barakoa nzuri za kuchuja, zile za N95, zinapunguza masizi zikikaa vizuri usoni, lakini kaboni monoksaidi inapita kama vile hakuna kitu.

*Kufungua dirisha.* Kwa injini iliyo ndani ya chumba, dirisha na mlango wazi havitoshi. Injini ikae nje.

Ukienda hospitali, sema kazi yako

Hili ndilo lililotuchelewesha. Kijana wetu alipimwa malaria, mkojo na damu, na hakuna aliyemuuliza anashinda wapi. Naye hakusema, maana hakujua kama inahusu. Ukifika, sema: "Nafanya kazi na injini, nakaa karibu na moshi masaa kadhaa, na nikipumzika napata nafuu." Sentensi hiyo ina thamani kuliko vipimo vitatu. Na ujue kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kinaweza kuonyesha uko vizuri wakati damu imejaa kaboni monoksaidi, kwa sababu hakiwezi kuzitofautisha.

Swali la kujipima mwenyewe ni moja: siku nisiyokwenda kwenye mashine, hali ikoje? Kama siku hiyo uko mzima, na wenzako mnaofanya nao kazi wanaumwa vilevile, shuku hewa kabla hujashuku mbu.

Lakini pia usilaze kila kitu kwenye moshi. Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda ukapime TB. Homa ikiwepo, pima malaria. Ukikohoa damu, ukipungua uzito, au kifua kikikubana ghafla, usisubiri Jumapili. Na kama unavuta sigara juu ya moshi wa injini, unayapa mapafu mizigo miwili kwa malipo ya mmoja.

Mwisho

Yule kijana alikaa mbali na pampu wiki tatu. Kichwa kiliacha siku za mwanzo tu. Kusahausahau kulichukua muda zaidi kuondoka, na kikohozi bado anacho kidogo asubuhi, anahudhuria kliniki. Mke wake alijifungua salama, mtoto wa kike, tunamshukuru Mungu. Mimi nilikaa na hofu hadi siku hiyo, na sitaki bwana shamba mwingine aijue.

Kikundi kilimwomba radhi kwenye kikao, mweka hazina akawa wa kwanza. Na mimi nikasimama. Akasema, "Bwana shamba, yameisha. Ila siku nyingine mtu akikwambia hanywi, msikilize."

Ile picha ya banda niliyokuwa nawaonyesha watu nimeifuta. Lakini najua kuna vikundi viwili au vitatu vilivyoiga mchoro wangu. Viwili nimeshavifikia. Kama wewe ni wa tatu, na unasoma hapa simu ikiwa mkononi huku pampu inanguruma ndani ya tofali, nenda kaizime sasa hivi. Kesho asubuhi anza na ukuta wa upande wa upepo.

Wiki ijayo, utitiri. Kazi njema.